Mpigaji wa Tatu

Zimetimia siku kumi na moja tangu mpwa wangu aliporejea kutoka Hamburg akiwa amenichukulia, kwa fedha nilizokuwa nikimpelekea kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu, hedifoni za Sennheiser zinazoitwa HD 600, na katika siku hizo nimelala saa chache kuliko ilivyo desturi yangu, maana Ggaba, mtaa wa Kampala ulio kando ya ziwa, ni mahali ambapo mwenye haja ya kusikiliza kwa utulivu hana budi kungoja mpaka mji umalize maneno yake. Naandika mapema, nami nalijua hilo: rai ya siku kumi na moja si rai ya mwaka, na sikio, kama mguu ndani ya kiatu kipya, huhitaji muda kabla ya kujua linalolifaa na linaloliumiza. Walakini jambo lililonidhihirikia katika siku hizi si dogo, wala halinihusu mimi peke yangu, na ndilo lililonishurutisha kushika kalamu.

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo swali la kwanza niulizwalo. Karibu na vituo vya teksi mjini Kampala vijana huuza vipokea sauti vya kutia masikioni kwa shilingi elfu tano, na hedifoni hizi zimenigharimu zaidi ya milioni moja, kiasi ambacho katika mtaa unaohesabu faida ya dagaa waitwao mukene kwa shilingi mia mia hakifai kutajwa kwa majivuno. Nimelitafakari jambo hili kwa insafu. Mtu anunuaye kamusi kubwa halaumiwi kwa israfu maadamu anaisoma. Na mimi, niliyezaliwa Mombasa na kuletwa Uganda na kazi ya ualimu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, sikununua gari wala kiwanja, bali usiku wangu mwingi nimeutumia kusikiliza muziki wa watu hawa walionipokea na wa watu wale walionizaa, kwa hiyo niliona ni halali yangu, mara moja katika umri, kuusikia sawasawa.

Umbo la chombo chenyewe halina makuu. Uzani wake ni gramu 260 bila waya, mito yake imevikwa kitambaa laini mfano wa mahameli, na pale ambapo hedifoni nyingi hufunikwa kwa plastiki isiyopitisha kitu, hizi zina wavu wa chuma tu. Ndani ya kila upande mna sumaku, koili ya waya mwembamba mno na utando mwepesi. Umeme wa wimbo ukipita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa, utando hutikisika, hewa hutikisika nao, na sikio hupata habari. Safari ya vyombo hivi ni ndefu, tangu Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliyetengeneza vyake jikoni kwake akaliuzia jeshi la majini mwaka 1910, hadi kampuni ya Beyer ya Ujerumani iliyotoa DT 48 mwaka 1937, na hadi Sennheiser waliotoa HD 414 mwaka 1968, ya kwanza kuachwa wazi upande wa nje. HD 600 ilitoka mwaka 1997 na ingali ikitengenezwa, na katika zama hizi ambapo simu huzeeka kabla mwenyewe hajamaliza kuilipia, mimi nahesabu kwamba kudumu huko ni sifa inayostahili heshima.

Uwazi huo wa nje ndio fadhila ya chombo na ndio mtihani wake hapa Ggaba. Kwa sababu hewa haikufungiwa, sauti haina ule uzito wa kitu kilichofunikwa kwa sufuria, bali husimama na kupumua. Lakini mlango unaoitoa sauti nje ndio huo huo unaoingiza Ggaba ndani. Nyumba yangu iko kati ya soko na mtambo wa maji, ule unaovuta maji ya ziwa na kuyapandisha mjini, na mpaka saa nane usiku nasikia muziki wa baa, mahubiri ya mkesha kwa vipaza sauti, bodaboda zikikwea kuelekea Bunga, na mbwa. Saa kumi alfajiri huanza injini za mashua zinazorudi na mukene, kisha wale korongo wakubwa waitwao kaloli hushuka juu ya mabati kwa mbawa zao nzito, na baada yao wachuuzi. Baina ya saa nane na saa kumi ndipo ulipo ukimya wote wa Ggaba, na ndani ya saa hizo mbili ndimo nilimoyasikia haya ninayoyaeleza.

Usiku wa kwanza haukunipa kitu. Nilizichomeka hedifoni katika simu yangu kama nilivyozoea kuchomeka zile za elfu tano, na sauti iliyotoka ilikuwa dhaifu, baidi, kana kwamba waimbaji wako ng'ambo ya ghuba. Kwani ukinzani wake ni wa omu 300, na simu haina nguvu ya kuusukuma mzigo huo. Asubuhi nikaenda kwa fundi mmoja wa redio, akaniazima amplifaya ndogo inayoenea kiganjani, na usiku wa pili mambo yakageuka. Nayasema haya kwa ajili ya yeyote atakayejinyima ili anunue chombo cha namna hii: na atenge pia fedha ya amplifaya, la sivyo atakilaumu pasipo haki.

Sasa nilitazamia furaha, na kilichonifikia kwanza ni huzuni. Muziki nilioukusanya kwa miaka ishirini, uliopita kutoka simu hadi simu, uliotiwa katika memori kadi na vijana wa vibanda vya nyimbo, uliobanwa na kubanwa tena ili uenee, niliusikia kwa mara ya kwanza ulivyo, na ulivyo ni mgonjwa. Matoazi yaliyopaswa kulia kwa mng'ao yalikuwa yakichuruzika kama maji yamwagwayo mchangani. Gitaa la kadongo kamu, ambalo jina lake lenyewe lina maana ya gitaa dogo moja pekee, lilikuwa na kivuli cha gitaa jingine nyuma yake, athari ya kubanwa huko. Na mahali mwimbaji alipovuta pumzi palikatwa, kwa maana mashine iliyobana ilihukumu kwamba pumzi si muziki. Miaka yote hiyo nilidhani ndivyo tulivyorekodiwa. Zile hedifoni za bei rahisi hazikuniambia uongo kuhusu wimbo tu, zilinificha na maradhi ya nakala yenyewe, nami nikaishi na mgonjwa nisijue.

Mathalan Siti binti Saad, aliyesafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizoenea pwani yote. Ninazo nakala mbili za wimbo wake mmoja. Ya kwanza imesafishwa, mkwaruzo wa sindano umeondolewa, na kwa miaka mingi niliipendelea. Ya pili haikuguswa, inakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho kama mvua juu ya makuti. Usiku wa tatu nilizisikiliza kwa zamu, mara saba au nane, na hukumu ikawa dhahiri: waliosafisha mkwaruzo walifuta pamoja nao ule ukali mdogo ulio mwanzoni mwa maneno, pale ulimi unapogusa meno, na mvumo wa udi baada ya uzi kuachwa. Katika nakala chafu sauti ya Siti iko nyuma ya mvua, lakini iko; ina mahali pake, ina kifua. Sikio likikubali kuistahimili mvua kwa dakika moja, mvua husogea kando, na mwanamke yule anaimba.

Lakini jambo lililonizuia kulala lilikuwa amadinda.

Kwa msomaji asiyeijua, amadinda ni marimba ya Buganda yenye mbao 12 zinazolazwa juu ya vigogo viwili vibichi vya mgomba, nayo hupigwa na watu watatu kwa fimbo, wakizipiga mbao kwenye ncha zake. Wa kwanza huitwa omunazi, naye huanzisha wimbo kwa mapigo yanayolingana, kila pigo kwa mikono miwili, sauti ile ile juu na chini. Wa pili, omwawuzi, amekaa akimkabili, na jina lake lina maana ya mwenye kugawanya, kwa kuwa hutia mapigo yake ndani ya nafasi zilizoachwa na mwenzake, pigo lake likianguka sawasawa kati ya mapigo mawili ya yule, tena kwa wimbo mwingine kabisa. Wa tatu, omukoonezi, amepewa mbao mbili tu, zile za juu kabisa, na kazi yake ni kusikiliza: kila mara mojawapo ya sauti mbili za chini kabisa inapopigwa na yeyote kati ya wenzake wawili, yeye huirudia juu. Mapigo ya wale wawili yakishikana hupita 500 kwa dakika, na hapo hutokea ajabu ambayo Gerhard Kubik, mwanachuoni wa Austria aliyekuja kujifunza Kampala kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka (mfalme wa Buganda) aliyefanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, aliandika makala juu yake mwaka 1962: sikio huzikusanya sauti zilizo jirani, za juu na za juu, za chini na za chini, likasikia nyimbo ambazo hapana hata mmoja wa wapigaji anayezipiga. Hakuna mkono unaozitoa. Zinazaliwa ndani ya msikilizaji.

Hayo nilikuwa nimeyasoma, na nilikuwa nimeifundisha elimu hiyo mbele ya vijana. Walakini kusema kweli sikuwahi kuisikia. Amadinda niliyoijua ni ile ya karamu za posa ziitwazo kwanjula, iliyopitishwa katika vipaza sauti vikubwa kuliko milango, na ile ya memori kadi, na zote mbili zilinifikia kama mvua moja ya mbao, nzuri, yenye kuchangamsha, isiyo na watu ndani yake. Usiku wa nne nilisikiliza nakala nzima, isiyobanwa, ya rekodi alizofanya Hugh Tracey katika nyumba ya Kabaka alipozuru Uganda mwaka 1950 na tena 1952. Rekodi hizo hazina kushoto wala kulia, maana zama hizo sauti ilichukuliwa kwa mkondo mmoja tu, na kwa hiyo kila kitu husimama katikati ya paji la uso. Nami nilihofu kwamba chombo kilichosifiwa kwa kupambanua hakitapata cha kupambanua. Kumbe kupambanua si kushoto na kulia. Nilisikia kwanza fimbo, kisha mti: mguso mkavu, mfupi, halafu sauti inayotoka ndani ya ubao, na miguso ile haikufanana. Mmoja alikuwa na mkono mzito kidogo, pigo lake likishuka kana kwamba lina hakika; wa pili alikuwa mwepesi, na fimbo zake ziliruka haraka. Nilipokwisha kumshika yule mzito, nikaweza kumfuata peke yake katikati ya msitu wa mapigo, na nilipomwacha nikamfuata mwepesi, na nilipowaacha wote wawili ndipo zilipoinuka zile nyimbo zisizopigwa na mtu, moja, kisha nyingine chini yake, zikibadilishana kila nilipogeuza nadhari yangu. Nikavua hedifoni. Nikazivaa tena. Wimbo ulikuwa na watu ndani yake.

Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi mwake mwenyewe na kuisogeza kwa mpigaji aliyetaka asikike zaidi, na jambo hilo pia nilikuwa nimelisoma bila kulisikia. Katika wimbo mmoja, baada ya wapigaji kutulia, zile mbao mbili za juu zinakuja karibu polepole, zinakaa, halafu zinarudi mahali pake. Ni mtu anatembea. Zaidi ya miaka 70 imepita, na nilimsikia mtu akipiga hatua mbili kwenda kwa omukoonezi, akasimama, akarudi.

Msomaji wa Kampala hana haja ya kukumbushwa yaliyofuata. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi yaliishambulia kasri ya Mengo, wapigaji wa Kabaka wakatawanyika, vyombo vingi vya kale vikateketea. Mwaka 1967 falme zikafutwa, na zilipofufuliwa mwaka 1993 wengi wa waliokuwa na elimu ile mikononi walikuwa wamekwisha kufa au kuzeeka. Kwa hiyo rekodi za miaka ya hamsini, za Tracey na za Klaus Wachsmann aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho, si pambo la maktaba. Ndizo ushahidi wa namna mikono ile ilivyogusa mbao, na ushahidi huo hauko katika orodha ya sauti zilizopigwa, ambazo mtu aweza kuziandika katika karatasi, bali uko katika ule mguso mkavu ulio kabla ya sauti, kitu ambacho kubanwa kwa faili hukifuta kwanza kabla ya kufuta jingine lolote.

Na hapa ndipo ilipo rai yangu. Tumezoea kusema kwamba watu wetu hawausikilizi muziki wao wa zamani kwa sababu wamevutwa na wa kigeni. Mimi sasa naamini kwamba hatujapata kuwapa muziki huo wausikilize. Rekodi za Tracey zimetunzwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoiasisi mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Za Wachsmann ziko katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na nakala zake zimerejeshwa Makerere, ambako hifadhi ya sauti imepewa jina lake. Hao waliozitunza wanastahili shukrani adhimu. Lakini kijana wa Ggaba mwenye simu na shilingi elfu mbili hazipati kwa njia hizo. Huzipata, kama akizipata, katika nakala ya nakala, na baada ya kuisikia mara moja huhukumu kwamba babu zake walikuwa wakipiga kelele za mbao. Hukumu hiyo si ya ujahili. Katika alichopewa, ndivyo ilivyo.

Natamani basi nakala nzima, zisizobanwa, ziuzwe hapa hapa kwa bei ya sahani ya samaki wa ngege, zilipwe kwa pesa ya simu kama tunavyolipia umeme na maji, na sehemu ya fedha iwafikie jamaa za wapigaji. Natamani kituo kimoja tu cha redio, kati ya vingi tulivyo navyo, kitenge saa moja kwa juma, usiku, kupiga rekodi hizo kwa ukamilifu, na mtangazaji anyamaze mpaka wimbo uishe. Na wanaorekodi leo waende na maikrofoni mahali mti unapopigwa, kama wanavyofanya Ketebul Music wa Nairobi na wenzao wa Abubilla katika mradi wa Singing Wells, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukiwafuata wapigaji vijijini mwao, Uganda ikiwamo. Kinanda cha umeme chenye kitufe kilichoandikwa jina la marimba hakina fimbo wala mgomba, na hakuna hedifoni, hata za milioni kumi, zitakazokitoa humo kitu ambacho hakikutiwa.

Sitaki kuzisifu hedifoni hizi kupita kadiri. Ngoma kubwa husikika kwa kifua kabla ya sikio, na kifua changu hazikukigusa. Hapo kipaza sauti kizuri, au ngoma yenyewe, havina mshindani. Tena yako madhara ambayo wazazi wayajue: Shirika la Afya Duniani limeweka kadiri ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kijana anayepandisha sauti ili aushinde mtaa huivuka kadiri hiyo upesi. Chombo kinachoonyesha kila kitu kwa sauti ya chini kina faida moja hapo, kwamba hakimshawishi mtu kuipandisha. Mimi nasikiliza kwa sauti ambayo mke wangu, akiniita kutoka chumba cha pili kwa kawaida yake, namsikia.

Kuna pia upweke wake, na huo umenisumbua zaidi. Muziki wa watu watatu wanaotazamana, uliopigwa mbele ya nyumba ya mfalme, nausikiliza mtu mmoja gizani. Kwa sababu hiyo Jumapili alasiri, mvua ilipokuwa imewaondoa watu sokoni, nilimwita jirani yangu, mzee wa makamo ya miaka themanini aliyezaliwa ng'ambo, Kyaggwe, naye huja mara kwa mara kunywa chai barazani kwangu. Nilijua kwamba utotoni alijifunza amadinda kwa mjomba wake. Hakuigusa tena tangu alipoanza kazi ya uvuvi. Nikamvika hedifoni juu ya kofia yake, akakataa, akaivua kofia, akaiweka gotini, akazivaa mwenyewe. Nikauanzisha ule wimbo.

Mwanzo hakufanya lolote. Alikuwa akitazama ziwa, ambalo kwa mvua halikuonekana. Kisha nikaviona vidole vyake viwili, cha shahada cha kulia na cha shahada cha kushoto, vikigonga juu ya kofia, si kila pigo, bali hapa na pale, mara mbili pamoja, kimya, mara moja, kimya kirefu. Na kwa kuwa sauti ilikuwa ikitoka nje kidogo kupitia wavu wa chuma, niliweza kulinganisha. Hakuwa akimfuata omunazi wala omwawuzi. Alikuwa akipiga mbao mbili za juu.

"Ssebo, unawasikia wote?" nikamwuliza alipozivua.

Alizishika hedifoni mikononi kwa muda kama mtu anayepima uzito wa samaki.

"Nawasikia, Mwalimu," akasema. "Lakini rudisha mwanzo. Huyu wa tatu alichelewa kuingia."

Nikarudisha. Alinishikia upande mmoja sikioni, yeye akabaki na wa pili, tukainamiana. Na kweli, katika mzunguko wa kwanza wa ile zamu yake, kuna sauti ya chini ambayo haikujibiwa.

"Hapo," akasema mzee, akigonga kofia kwa kidole kimoja.